Madude ya Japani katika Kabati la Mama

Nikisikia ukanda wa balo la mitumba ukikatwa, mpaka leo jicho langu la kushoto hufumba lenyewe. Ni ule mlio. Chuma chembamba kilichobana nguo tangu zilikotoka, ng'ambo ya bahari, kikiachiwa ghafla hupiga ukelele mkali, na nyuma yake inakuja harufu ya naftalini, ya vumbi na ya nguo za watu tusiowajua. Harufu hiyo ikinifikia sokoni Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, narudi uani kwetu, Ijumaa ile, na wote waliokuwapo wananijia mmoja mmoja.

Alikuwapo Maman Furaha, mfanyabiashara wa Bukavu aliyekuwa akituletea caguwa, yaani nguo zilizokwisha kuvaliwa. Alikuwapo Saidi, mdogo wangu, na Zuena, mdogo wetu sote wawili. Alikuwapo Bosco, mtoto wa mwanamke mwingine wa caguwa, aliyekaa chini kidogo ya njia yetu. Alikuwapo Fidèle, mbeba mizigo kutoka Rwimbogo, mkubwa kuliko Bosco kwa umri na kwa mabega, pamoja na vijana nisiowajua majina. Nilikuwapo mimi, Mwamini. Na mwishoni, damu ilipokuwa ikimwagiwa majivu, alifika Baba Mkubwa Hamisi kutoka Bugarama. Nawataja wote kwa sababu habari ya siku ile, kama inavyosimuliwa mtaani, inawataja wachache tu.

Baba yetu alitangulia kufa, kwenye mteremko wa barabara ya Bugarama, lori la mchele lilipokosa breki. Mama aliugua kifua muda mrefu, kisha akamfuata. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Sikufukuzwa shule wala sikuichoka. Asubuhi moja niliwavalisha wadogo zangu sare, nikawafikisha getini, wao wakaingia na mimi nikarudi nyumbani kuosha sufuria. Tulibakiwa na chumba, jiko la makaa, kabati la vyombo la mama lenye vioo mbele, na kitenge chake cha kazi, cha kijani, kilichofifia kwa kuanikwa.

Kitenge hicho lazima nikieleze kidogo. Wanawake wa caguwa hununua balo moja kwa pamoja, na hakuna anayejua ndani mna nini mpaka lifunguliwe. Ukanda ukikatwa nguo zinafura na kumwagika kama uji uliochemka, na hapo urafiki unasimama pembeni. Niliona wanawake waliotoka kusali pamoja asubuhi wakivutana nywele kwa ajili ya koti la mtoto mchanga. Niliona mmoja akimng'ata mwenzake kiganja, hakuachia mpaka alipomwagiwa maji. Mama mwenyewe alikuwa na kovu la ukucha chini ya jicho, na ukimwuliza alicheka: "Hii? Hii ni ya suruali za jinzi."

Kwa sababu hiyo walikuwa na sheria yao. Ukishatupa kitenge chako juu ya fungu la nguo, kilicho chini yake ni chako. Hakuna mkono unaoingia chini ya kitenge cha mwenzako. Anayeingiza hafungui tena balo na wenzake, si Kamembe wala Bukavu. Kutukana wanaweza, hata kupigana pembeni wanaweza, lakini kilichofunikwa kimefunikwa. Sisi watoto wao tulikua na sheria hiyo kabla ya kujua kusoma. Saidi na Zuena walifunikiana viazi kwa ncha ya shati, na aliyechelewa alilia lakini hakugusa.

Baba Mkubwa Hamisi hakuwa mtu mbaya. Alilima mpunga Bugarama na alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kufukuza ndege. Baada ya matanga alipanga maisha yetu akiwa amesimama mlangoni, hata viatu hakuvua: Saidi aende kwake akalinde mpunga, Zuena aende Nkanka kwa shangazi yetu, mimi nisubiri kuolewa. Nilimwomba atuache mpaka Ramadhani ipite. Ramadhani ilipopita nilimwomba atuache mpaka mvua zikatike. Aliniangalia, akaangalia chumba kilivyofagiwa, akasema:

"Sawa. Lakini siku nitakuta fujo hapa mulangoni, nitabeba batoto siku ile ile. Umesikia, Mwamini?"

"Nimesikia, Baba Mkubwa."

Nilisikia vizuri sana. Usiku nilipowafunika wadogo zangu nilikuwa nikipapasa miguu yao nione kama yote ipo.

Maman Furaha ndiye aliyenipa kazi. Nilibeba, nilipanga, nilipiga nguo pasi. Zaidi ya yote, nilikata ukanda, maana yeye alikuwa na imani yake kwamba mkono wa yatima hufungua balo lenye nguo nzuri. "Kata, mutoto yangu," alikuwa akisema huku akijipiga ishara ya msalaba, "kata tuone Mungu ametupatia nini." Nami nilitanguliza bismillahi, tukawa tumeziba pande zote mbili.

Siku moja Mungu alitupatia madude. Balo lilisemekana kuwa la mablanketi ya watoto. Nilikata ukanda, likapumua, na badala ya mablanketi zikatoka sura. Zilikuwa zinatuangalia. Mijusi ya buluu yenye pembe na meno ya kitambaa. Kobe mwekundu mwenye mikono ya mtu. Dude la kijivu lenye jicho moja kubwa kama sahani ya chai. Na katikati yao mashujaa, wenye nyuso ngumu kama za mbawakavu na macho ya njano yasiyo na mboni, ngumi wamezinyoosha mbele. Yote yalikuwa laini, yamejazwa pamba, na kila moja lilikuwa na kitanzi utosini na kikaratasi chenye maandishi ya Japani.

Mwanamke mmoja alipiga kelele akaruka nyuma. Mwingine alichukua kifimbo cha kuanikia nguo akaligeuza lile la jicho moja kama mtu anayegeuza nyoka aone kama amekufa.

"Yezu wangu! Iko nini hii?"

"Iko mukwe wako, Maman Furaha! Muamkie!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega, kisha wakaondoka na vitenge vyao viunoni. Hakuna aliyetupa hata kimoja. Maman Furaha alikaa chini kabisa, miguu ameinyoosha, madude yamemzunguka kama wajukuu.

"Baraka gani hii, Mwamini? Umeniitia majini ya Japani." Halafu akanisukumia fungu zima kwa mguu. "Beba. Bebesha na bandugu zako. Hii njo mushahara yako."

Hivyo ndivyo madude yalivyoingia kwetu. Tuliyalalia, tuliyaegemea, tuliyapanga juu ya ukuta mpaka darini. Zuena aliyapa majina yote. Saidi aliyageuza uso ukutani kila nilipotandika mkeka wa kuswali, kisha akayarudisha moja moja akiyaomba radhi.

Saidi ndiye aliyeelewa kile kikaratasi. Maandishi hakuyajua, lakini kulikuwa na mchoro mdogo: sanduku la kioo, ndani yake midoli imejaa, na juu yake mkono wa chuma wa vidole vitatu ukishuka. Aliutazama mchoro huo muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kitabu cha shule. Kisha akatoka, akarudi na mbavu za mwavuli uliovunjika na waya wa breki ya baiskeli. Akaniomba kabati la mama.

Nilikataa. Siku iliyofuata nilikataa tena. Siku ya tatu hatukuwa na kitu cha kupika, nikatoa sahani.

Alifungua kabati juu, akaweka fito mbili za kuteleza, akaning'iniza mkono wake wa chuma kwa kamba. Mchezaji alisimama nyuma, akausogeza mkono kwa kijiti, akaushusha, akavuta waya, vidole vikafumba. Ukiweza kulinyanyua dude na kulitoa nje ya ukingo, ni lako. Likikuponyoka, umekula hasara. Tuliweka mlangoni, na tangu wiki ya kwanza watoto wa Kamembe walifika wakisukumana. Hatukupokea pesa, hawakuwa nazo. Mchezo mmoja ulikuwa mkono mmoja wa sambaza, dagaa wa ziwani, au kiazi, au avokado, au makaa ya kutosha kiganja. Jioni nilikusanya mavuno, nikapika. Zuena alianza kunenepa mashavuni.

Sasa kila mtoto alitaka kuwa na yake. Walioshinda waliyafunga mgongoni kwa kamba wakatembea nayo. Walibadilishana: mijusi miwili kwa shujaa mmoja, kobe kwa mjusi na deni. Na kwa kuwa kila mtoto alikuwa ameona kwenye video jinsi shujaa na dude wanavyokutana, walikutanisha ya kwao. Waligongesha midoli mpaka mishono ikaachia. Mdoli ukishindwa, mwenyewe aliendelea kwa ngumi. Niliona pua zikitoka damu kwa ajili ya kobe mwekundu. Mtoto mmoja wa mwashi alipasuliwa utosi kwa jiwe kwa kusema shujaa wa mwenzake anafanana na mende. Walimu walikuwa wakikusanya madude kutoka mabegini na kuyafungia ofisini, na watoto walivunja dirisha la ofisi kuyarudisha. Nilikuwa nikifagia damu mlangoni kwetu kila baada ya siku kadhaa, mapema, nikiogopa basi la Bugarama.

Saidi aliweka chambo. Lilikuwa dude kubwa kuliko yote, jeusi, lenye pembe tatu za dhahabu na tumbo la mistari, na Zuena alikuwa amempa jina la Mkali. Mkali alikaa katikati ya kabati, mzito kwa vidole vya mwavuli, na kila aliyejaribu alimwona akinyanyuka kidogo na kulala tena kama mtu anayekataa kuamshwa.

Bosco alimtaka Mkali kuliko wote. Alikuwa na miaka kumi na minne, mwembamba, mwenye kucheka kwa pua. Alikuwa akija kila siku na sambaza za mama yake zimefungwa kwenye jani la mgomba, akizipoteza zote, akitutukana vizuri, akirudi kesho. "Weye Saidi," alimwambia siku moja, "siku nitatosha ile kintu ndani ya kabati, nitakuja nayo harusini yako, ikule nyama yote." Saidi alimjibu kwamba Mkali hali nyama ya watu wanaoshindwa. Walikuwa wanapatana, kwa jinsi yao.

Ijumaa ile Bosco hakuja peke yake. Alikuja na Fidèle, na nyuma yao vijana wengine ambao majina yao sikuyajua. Ndani ya ua wetu Maman Furaha alikuwa na balo jipya la kugawana nami. Alikuwa ameniambia kwamba leo, kwa mara ya kwanza, nitatupa kitenge kama mwanamke wa kazi, si kama mtoto wa kubeba. Nilikuwa nimekivaa cha mama begani. Ukanda nilikuwa nimeshaukata, umelala chini kama nyoka wa chuma. Na Baba Mkubwa alikuwa ametuma neno kwamba anakuja baada ya swala.

Nilisikia kelele mlangoni, nikageuka. Mkono wa mwavuli ulikuwa umemshika Mkali kwapani, sawasawa kabisa. Bosco alikuwa anavuta waya bila kupumua. Mkali akapanda. Akafika ukingoni. Akakaa pale, pembe tatu nje, tumbo na miguu ndani, akining'inia. Hapo Fidèle akalipiga kabati kwa goti.

"Imetoka!" alisema. "Kichwa imetoka!"

"Miguu iko ndani!" Saidi akasema. "Na weye umetikisa!"

"Kichwa njo muntu. Muntu akitosha kichwa amekwisha kutoka."

"Miguu njo inatembea," akasema Zuena, na akaishika ile miguu kwa mikono yote miwili.

Watoto walicheka. Hata Bosco alicheka kwa pua. Fidèle hakucheka. Hakuwa mtoto tena, na nadhani kuchekwa na mtoto wa miaka sita mbele ya wenzake kulimwuma mahali ambapo hakujua kupakuna. Akampiga Zuena kofi. Halikuwa kofi la kumwonya. Lilimnyanyua, likamgonga kwenye fremu ya mlango, na Zuena akakaa chini bila sauti, mdomo wazi, Mkali mkononi bado.

Saidi alikuwa na miaka kumi na moja, na alimfikia Fidèle kiunoni tu. Alimrukia akamng'ata paja. Alimng'ata kama mtu anayetaka kubaki na kipande. Fidèle alipiga yowe, akamshika shingo, akamtupa kwenye kabati. Vioo vya mama vilivunjika vyote. Kisha wakamwangukia. Sitaki mfikiri alikuwa Fidèle peke yake. Walikuwa wote. Mmoja alimkanyaga mkono, mwingine alimpiga teke la mgongo, na Bosco, huyo huyo wa sambaza, nilimwona kwa macho yangu akirudisha mguu nyuma na kumpiga Saidi mdomoni. Jino lilitoka. Madude yalikuwa yamepasuliwa chini ya viatu, na pamba nyeupe ilikuwa inaruka juu yao, nyepesi, kana kwamba hakuna linalotokea.

Niliwakimbilia. Nguvu za kuwatoa sikuwa nazo, na nilijua Baba Mkubwa anaweza kutokea njiani wakati wowote. Mkono wangu ulifanya kazi uliyokuwa umejiandalia tangu asubuhi. Nilivuta kitenge cha mama begani nikakitupa. Kilifunguka hewani, kikatua juu ya Saidi, kikamfunika kichwa mpaka magoti.

Mguu wa Bosco ulikuwa umeshanyanyuka tena. Ulisimama hewani. Niliuona umesimama, na kiatu chake kilikuwa na kioo kimeng'ang'ania kwenye soli. Akaushusha polepole pembeni, kama mtu aliyekaribia kukanyaga chakula.

Fidèle hakuwa mtoto wa balo. Kwao Rwimbogo walilima. Alikuwa anachechemea, damu ya paja inamfika kifundoni, na alichokitafuta alikipata chini: ukanda wa chuma. Aliuzungusha mkononi akaunyanyua.

"Imefunikwa!" Bosco alipiga kelele. "Fidèle, acha! Imekwisha kufunikwa!"

"Imefunikwa na nini? Iko nguo tu hiyo!"

Akauleta chini kwa nguvu zake zote. Nami nilikuwa bado nimesimama, mikono imenyooka mbele kama nilivyotupa. Bosco ndiye aliyeingia. Sijui kama alitaka kuushika ule mkono au kuuziba njia tu. Ukanda ulimzunguka kichwa, ncha yake ikamfikia usoni, na ule mlio ukawa mdogo mno kwa kitu ulichokifanya.

Alikaa chini. Alijishika jicho la kushoto kwa viganja viwili, na damu ilipita kati ya vidole vyake ikamwingia kwenye mikono ya shati. Hakulia mara moja. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, "Maman, sioni." Maman yake hakuwapo. Maman Furaha ndiye aliyemfikia, akapiga magoti, akachomoa kishati cha mtoto mchanga kutoka kwenye balo jipya, akamkandamiza nacho usoni, akakibadilisha, akakandamiza kingine. Fidèle alitazama ukanda mkononi mwake, akautupa, akashuka mbio bondeni. Wengine walitawanyika. Tangu siku ile sikumwona tena Fidèle. Watu walisema alivuka kwenda Burundi.

Nilimfunua Saidi. Alikuwa hai, anatema damu, ananiuliza Zuena yuko wapi. Zuena alikuwa amesimama peke yake, shavu limevimba, anakusanya pamba.

Baba Mkubwa alitokea njiani tukiwa bado tunamwaga majivu juu ya damu. Kiongozi wa mudugudu, yaani mtaa wetu, alikuwa amefika sekunde chache kabla yake, akiwa na watu wawili watatu walioitwa na kelele. Ua ulikuwa umejaa. Baba Mkubwa alitazama vioo, akatazama mdomo wa Saidi, akatazama shavu la Zuena. Nilijua maneno yatakayofuata. Nilishaanza kuhesabu kichwani nguo za Saidi.

"Nani amefanya hii?" kiongozi akauliza.

Maman Furaha alinitazama. Mimi nilitazama chini.

"Nilikuwa nakata balo," Bosco akasema. Alikuwa ameegemea ukuta, kichwa kimefungwa vishati vya watoto, vyenye bata na maua. "Ukanda umeniruka. Nikaangukia kabati. Kabati ikaangukia hawa batoto."

"Kulikuwa kelele ya vita hapa."

"Ni miye nililia, Mzee. Iko na maumivu."

Kila mtu Kamembe anajua kwamba ukanda wa balo huruka. Wamo wanawake sokoni wenye makovu yake. Kiongozi alitikisa kichwa, akasema kijana apelekwe hospitali haraka, akatulaumu kwa kuacha watoto karibu na kazi ya hatari. Baba Mkubwa alinipita mlangoni. Akaingia chumbani, akakuta kitanda kimetandikwa na sufuria zimeng'arishwa, akatoka.

"Hii si fujo," alisema, kama mtu anayejishawishi. "Hii ni ajali." Akanipa mfuko wa mchele aliokuja nao na akashika njia ya kurudi. Wadogo zangu wakalala kwangu usiku ule, na usiku uliofuata, na mwingine wote mpaka walipokua.

Jicho halikupona. Nilimpelekea Bosco uji hospitali, na siku ya kwanza nilipopata ujasiri nilimwuliza kwa nini alisema vile. Alinigeuzia uso wote, ndipo jicho lililobaki likanipata.

"Ulikuwa umekwisha kufunika," akasema. Alilisema kana kwamba nimemwuliza kwa nini watu hula kwa mdomo. Kisha akaniomba nimwongezee sukari.

Kwa miaka mingi nilifikiri Bosco alikuwa mtu mwema ambaye siku hiyo tu alikosea kuchagua rafiki. Nilitaka sana iwe hivyo, ingerahisisha mambo. Lakini jino la Saidi lilitolewa na kiatu cha Bosco, na sura yake wakati ule haikuwa ya mtu anayesukumwa na wengine. Alikuwa anafurahi. Mtu aliyemvunja ndugu yangu mdomo na mtu aliyetoa jicho lake ili ndugu yangu asiuawe walikuwa mtu mmoja, na kati yao hapakupita hata muda wa kuvuta pumzi. Utotoni niliijua sheria ya kitenge kama kitu cha kulinda nguo. Ukubwani, nilipofungua balo zangu mwenyewe na kujiona nikimkazia macho mwanamke mwenzangu kwa ajili ya sweta, ndipo nilipoelewa kwamba akina mama waliitunga kwa kuwa walijijua. Walijua ukali ulio ndani yao, wakauwekea mahali pa kusimama. Bosco alilelewa na mmoja wao. Hakunipenda, wala hakumhurumia Saidi. Alisimama mahali alipofundishwa kusimama, na akasimama hapo hata ilipomgharimu.

Saidi sasa anachomelea mageti, na ana jino la bandia analolitoa kuchekesha watoto. Zuena anasomea uuguzi. Bosco anabeba mizigo mpakani. Alitaka kuendesha pikipiki, lakini abiria wakiona lile jicho wanaita ya mwingine. Nimejaribu. Nilimpelekea nguo bora za mtoto wake alipozaliwa, akazipokea na kunipa kuku. Nilimwombea kazi dukani kwa mtu, akaiacha. Nikimwambia shukrani anauliza habari za mvua.

Mwezi uliopita alikuja kwenye meza yangu sokoni na mwanawe, mtoto wa miaka tisa hivi, kutafuta suruali ya shule. Bosco alisogea pembeni kusalimiana na mtu. Mtoto alinikaribia.

"Maman Mwamini, shuleni wananicheka. Wanasema papa alikuwa mujinga, hakujua kukata balo. Ni kweli ukanda ulimuruka tu?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Yote yalikuwa tayari ulimini: kofi, kabati, kitenge, na baba yake akiingia kati akiwa na macho mawili. Nilitaka ajue amezaliwa na nani. Nikainua uso, nikamwona Bosco nyuma yake. Alikuwa amesikia. Alikuwa ananitazama, na alitikisa kichwa mara moja, taratibu, kunikataza.

Labda hakutaka mtoto ajue pia habari ya kile kiatu. Labda kuna jambo jingine. Sikuwahi kumwuliza.

"Ulimuruka tu, mwanangu," nikasema. "Hata anayejua kukata, unamruka."

Mtoto aliinamisha kichwa. Nilimpimia suruali, ikamfika sawa, na Bosco akailipa yote papo hapo ingawa niliikataa pesa yake mbele za watu. Wakaondoka, mtoto ametangulia hatua chache, hataki kushikwa mkono. Mimi nikabaki nadaiwa kuliko nilivyodaiwa asubuhi.